Binti anataka kusomea uandishi wa habari, mjomba anasema intaneti imeiua kazi hiyo

*“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Makorora hapa Tanga, na riziki yangu ni biashara ya samaki pale Deep Sea. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL, amefaulu vizuri, na ameniambia hataki ualimu wala uhasibu, anataka kusomea uandishi wa habari. Mjomba wake, ambaye ndiye atakayenisaidia ada, amekataa kabisa. Anasema intaneti imeua magazeti, watu hawasomi tena, kila mwenye simu ni mwandishi, na habari siku hizi ni bure, kwa hiyo ni nani atakayemlipa? Binti naye ana ukurasa wake anakoweka matukio ya mtaani kwetu, una wafuasi wengi, na anasema hata chuo si lazima, akipata simu nzuri na bando anaanza kazi. Nimebaki katikati. Sitaki kumvunja moyo mwanangu, na sitaki kutupa fedha za kaka yangu. Nimsikilize nani?”*

Marahaba, mama, na hongera kwa kumfikisha mwanao hapo alipofika. Nimekuwa ripota wa mkoa kabla ya kuanza kufundisha, kwa hiyo swali lako nalijua kwa pande zake zote mbili: nalisikia kwa wazazi wanaoleta watoto chuoni, na nalisikia kwa waandishi wenzangu ambao mwezi ukiisha hawana hakika watapata nini. Nitakujibu bila kukuficha. Hofu ya mjomba ina msingi, ila sababu anazozitoa sizo, na mkikosea sababu mtakosea na uamuzi. Matumaini ya binti nayo yana msingi, ila yapo mambo kuhusu ukurasa wake ambayo nadhani hakuna aliyemweleza.

Nianze na hili la kwamba watu hawasomi tena, kwa kuwa ndilo linalosemwa sana na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Kila asubuhi picha za kurasa za mbele za magazeti ya Dar es Salaam huwa zimekwisha kuzunguka kwenye simu za watu wa Tanga kabla basi lililobeba magazeti yenyewe halijafika stendi. Watu wanasoma wakiwa kwenye bajaji, wanasikiliza redio wakiwa jikoni, wanatazama klipu wakiwa foleni ya hospitali. Ukijumlisha yote hayo, mtu wa leo hukutana na habari nyingi kwa siku moja kuliko alizokutana nazo babu yake kwa wiki nzima. Kilichobadilika ni namna anavyokutana nazo. Zamani habari zilimfikia zikiwa zimefungwa pamoja, ukurasa wa siasa na wa michezo, tanzia na bei za mazao, na aliyenunua gazeti kwa ajili ya Coastal Union alijikuta amesoma pia kuhusu bajeti ya halmashauri. Leo kila habari husafiri peke yake, imekatwa kutoka ilikotoka, mara nyingi bila jina la aliyeiandika, na msomaji anayeipenda michezo anaweza kumaliza mwaka bila kuonyeshwa habari ya halmashauri hata moja.

Mkoa wetu una historia ndefu katika jambo hili kuliko vijana wengi wanavyodhani. Wamisionari wa Magila, Muheza, walikuwa wakichapisha *Habari za Mwezi* kwa Kiswahili katika miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga mjini ikatoa gazeti la *Kiongozi*, lililoendelea hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolizima. Waliokuwa wakiliandikia na kulisoma hawakuacha kutaka habari kwa sababu gazeti lao limekufa, na mwaka 1923 *Mambo Leo* ilipoanza Dar es Salaam ilikuta wasomaji tayari wapo. Nalitaja hili kwa sababu mjomba anazungumza kana kwamba kufa kwa chombo ni kufa kwa kazi.

Sasa tuingie kwenye fedha, ambako mjomba ameona jambo la kweli. Gazeti halijawahi kuishi kwa bei ya nakala peke yake. Bei ile huliwa na karatasi, wino, kiwanda cha uchapaji, nauli ya basi na kamisheni ya wakala. Aliyekuwa akimlipa mwandishi mshahara, kwa kweli, alikuwa mtangazaji: benki, kampuni ya sabuni, wizara iliyotangaza zabuni, shirika lililotafuta wafanyakazi, familia iliyotangaza tanzia, mtu mwenye kiwanja cha kuuza. Wote hao walitangaza gazetini na redioni kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu wengi kwa pamoja. Mhariri alipomtuma ripota akae siku nzima mahakamani kusikiliza kesi ambayo huenda isitoe hata aya moja, gharama ya siku ile ilibebwa na tangazo la sabuni. Msomaji hakuijua hesabu hiyo, na wala hakuwa na haja ya kuijua.

Intaneti ilivunja kiungo hicho. Kwanza yaliondoka matangazo madogo madogo. Mwaka 1995, huko San Francisco, Marekani, mtu mmoja aitwaye Craig Newmark alianzisha orodha ya barua pepe ya kuwaarifu watu matukio ya mji wao. Ikageuka kuwa Craigslist, mahali pa kutangaza nyumba, kazi na vitu vilivyotumika karibu bila malipo, na magazeti ya nchi ile yakapoteza chanzo cha mapato ambacho yalikizoea kwa vizazi. Kisha yakafuata matangazo makubwa. Wewe unaujua mnada wa samaki pale Deep Sea, mama, kwa hiyo nitakueleza kwa njia hiyo. Mtu anapofungua ukurasa wa intaneti wenye nafasi ya tangazo, mnada hufanyika papo hapo, kabla macho yake hayajatulia. Kompyuta za watangazaji huambiwa kwamba kuna mwanamke wa umri fulani, yuko Tanga, jana alitafuta bei ya jokofu. Anayetaja bei kubwa ndiye tangazo lake linalotokea. Katika mnada huo kinachouzwa ni macho ya yule mwanamke. Gazeti alilokuwa akilisoma halina uzito, kwa kuwa macho yale yale yanaweza kununuliwa kwa bei ya chini dakika tano baadaye, akiwa kwenye klipu ya muziki. Na dalali wa mnada, ambaye kwa sehemu kubwa ni Google au Meta, kampuni yenye Facebook, anachukua kamisheni yake na uwanja wa mnada ni mali yake.

Ukubwa wa pigo hilo unaonekana vizuri Marekani, kwa kuwa hesabu zao zimeandikwa: mwaka 2005 magazeti ya nchi ile yaliingiza takriban dola bilioni 49 kwa matangazo, na kufikia mwaka 2020 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka chini ya dola bilioni 10. Kwetu wimbi lilichelewa kidogo. Mpaka Julai 2009, ulipotua Dar es Salaam mkongo wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari, mawasiliano yetu ya intaneti na dunia yalitegemea zaidi setilaiti, yalikuwa ya polepole na ya bei ghali. Baada ya mkongo, na baada ya simu janja za bei nafuu kujaa madukani, mambo yalikwenda kwa kasi. Na kwetu kuna jambo moja la ziada ambalo lazima nilitaje. Watangazaji binafsi wanapopungua, wanaobaki wakubwa ni serikali, taasisi zake na kampuni chache, na mhariri anayejua mishahara ya mwezi huu inatoka kwa mtangazaji mmoja husita kuandika habari inayomgusa mtangazaji huyo. Msomaji huhisi kusita huko hata asipoweza kukueleza amekihisi nini, na imani yake kwa gazeti inapungua.

Kwa hiyo, kusema habari ni bure si sahihi. Kuisoma ni bure au karibu na bure. Kuitafuta kuna gharama ile ile ya zamani: nauli, muda, simu, mtu mwenye ujuzi. Gharama haikupungua hata kidogo. Aliyekuwa akiilipa ndiye aliyeondoka.

Fedha zinapopungua katika chumba cha habari, wa kwanza kuachwa ni mwandishi wa mkoani, na hapa, mama, ndipo mimi linaponiuma. Bandari yetu imechimbwa upya. Lango la meli lililokuwa na kina cha mita 3 sasa lina mita 13, kwa mradi uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 429, na meli zilizokuwa zikitia nanga mbali, mizigo ikishushwa kwenye matishari ndipo iletwe gatini, sasa zinafunga gatini zenyewe. Habari ya uzinduzi iliandikwa na kila mtu, kwa kuwa ilikuja na taarifa iliyokwisha kuandikwa na picha zilizokwisha kupigwa. Lakini wale vibarua waliokuwa wakifanya kazi kwenye matishari, wamehamia kazi gani? Wangapi wamechukuliwa gatini na kwa masharti yapi? Mzigo ulioongezeka umeleta ajira Ngamiani na Chumbageni, au magari yanapakia na kuondoka? Hakuna taarifa kwa vyombo vya habari inayojibu hayo. Anayetaka kujibu lazima aende alfajiri lilipo kundi la vibarua, azungumze na wengi, aombe takwimu mamlaka ya bandari, arudi tena kwa waliomwambia hiki na kile, alinganishe. Ni kazi ya wiki kadhaa. Mwenye simu na bando hawezi kuifanya kwa wafuasi tu, na gazeti lililopoteza matangazo haliwezi kumlipa mtu aifanye. Pengo hilo ndilo mabadiliko makubwa zaidi yaliyoletwa na intaneti katika kazi yetu, na linaonekana zaidi Tanga, Lindi au Kigoma kuliko Dar es Salaam.

Niseme sasa kuhusu kila mwenye simu kuwa mwandishi. Mwenye simu ni shahidi, na ushahidi wake una thamani kubwa. Zamani tulifika kwenye tukio baada ya saa kadhaa, leo tunamkuta mtu aliyelirekodi. Lakini chukua video ya moto sokoni. Ni soko gani, ni la leo au la miaka mitatu iliyopita, ni nani mwenye duka la kwanza kuungua, mlinzi anasema nini, Zimamoto walipigiwa saa ngapi na wakafika saa ngapi, nani alikuwa na bima? Kazi ya mwandishi inaanzia pale video inapoishia. Mwaka 2018 jarida la *Science* lilichapisha utafiti wa wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, waliofuatilia habari takriban 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, wakakuta kwamba habari za uongo zilisambaa kwa kasi na kufika mbali kuliko za kweli, na kwamba waliozisambaza walikuwa hasa watu, si programu za kompyuta. Uongo una upya wa kushangaza, na mtu hupenda kuwa wa kwanza kumshangaza mwenzake. WhatsApp wenyewe walilazimika mwanzoni mwa mwaka 2019 kuweka kikomo duniani kote, kwamba ujumbe mmoja usisambazwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mkupuo mmoja, na mwaka 2020 wakabana zaidi kwa ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi.

Wewe unayeishi kwa bahari huhitaji kuelezwa madhara yake. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia pwani yetu, mvuvi aliyetaka kujua kama atoke au asitoke alihitaji taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya siku ile na saa ile. Sauti ya kwenye kundi la WhatsApp isiyo na tarehe wala jina la msemaji haikumsaidia, hata kama iliyosemwa ilikuwa kweli siku mbili kabla. Mtu aliyefunzwa kazi hii, kabla ya kutuma chochote, hujiuliza imetoka kwa nani, lini, na nani mwingine anaweza kuithibitisha. Kwa kijana asiyefunzwa, maswali hayo humjia akiwa ameshatuma.

Hapo nafika kwenye ukurasa wa binti. Ni mwanzo mzuri na usimfungie. Unaonyesha ana jicho na ana moyo wa kutoka nje, vitu ambavyo chuo hakiwezi kumpa mtu. Ila ajue kwamba wafuasi wale si mali yake. Kinachoamua nani aone alichoandika ni algoridhimu, yaani kanuni zinazoendesha kompyuta za kampuni husika, na kampuni huzibadilisha inapotaka. Januari 2018 Facebook walitangaza kwamba watawaonyesha watu kwa wingi zaidi machapisho ya ndugu na marafiki na kupunguza yale ya kurasa za vyombo vya habari, na vyombo vingi duniani vilivyokuwa vimejenga nyumba yao yote juu ya kiwanja cha Facebook vikapoteza wasomaji bila ya kuwa na pa kulalamika.

Lipo pia suala la sheria, na hili naomba ulichukulie kwa uzito. Kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizoanza mwaka 2018 na kubadilishwa mara kadhaa tangu hapo, zinamtaka anayechapisha habari na matukio mtandaoni awe na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamwadhibu anayechapisha kwa makusudi taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Nina maoni yangu kuhusu ukali wa sheria hizi na nimeyasema hadharani, lakini binti yako hatahukumiwa kwa maoni yangu. Picha za watoto, za wagonjwa, za watu waliopigwa au kudhalilishwa, azitoe leo kama zipo. Na kama ukurasa tayari umeleta malalamiko, wito wa polisi au barua ya mtu anayedai kuchafuliwa jina, msijibu mtandaoni na msifute chochote kwa pupa. Nendeni kwa wakili ana kwa ana na mpelekee simu yenyewe.

Je, chuo si lazima? Kwa anayetaka kufanya kazi hii kihalali nchini kwetu, ni lazima. Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zinamtaka mwandishi awe na elimu isiyopungua stashahada, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ndiyo inayotoa vitambulisho. Bila kitambulisho atazuiwa mlangoni, na wenzake watamhesabu miongoni mwa makanjanja hata akiandika vizuri kuliko wao.

Kuhusu kipato sitakudanganya. Redio na magazeti mengi humlipa mwandishi wa mkoani kwa stori iliyotoka, bila mkataba, na stori isipotoka nauli yake imekwenda. Katika hali hiyo ndipo bahasha inapoingia: mwenye mkutano huwapa waandishi fedha wanapoondoka, na mwandishi mwenye kodi ya nyumba huipokea, kisha hawezi tena kuandika kwamba mkutano ule haukuwa na maana. Kazi zenye mshahara wa uhakika zaidi zipo kwenye redio kubwa na televisheni, kwenye idhaa za Kiswahili za nje kama BBC iliyoanza mwaka 1957 na DW iliyoanza 1963, kwenye madawati ya uhakiki wa habari yaliyozuka miaka ya karibuni, na kwa kweli wahitimu wengi huishia kuwa maafisa habari na uhusiano wa halmashauri, mashirika na kampuni. Hiyo ya mwisho ni kazi ya heshima, lakini ni kazi nyingine, kwa kuwa huko unaandika kwa niaba ya anayekulipa. Akili mnemba nayo imeanza kuandika muhtasari na kutafsiri, na nadhani itazimeza zile kazi za kukaa mezani na kuandika upya taarifa za wengine. Haiwezi kwenda gatini alfajiri.

Lipo jambo ambalo wazazi huona haya kuliuliza, nami nitalisema bila kuulizwa, kwa kuwa ni binti. Rushwa ya ngono ipo katika baadhi ya vyumba vya habari, hasa kwa wanaofanya mafunzo kwa vitendo wakiwa wanategemea huruma ya mhariri mmoja ili stori itoke au barua isainiwe. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa ni kosa, katika kifungu cha 25. Mwambie mapema kwamba likimfika hataaibika mbele yako, ahifadhi ujumbe aliotumiwa, na mwende pamoja TAKUKURU mkiwa na ushahidi huo. Nimeona mabinti wenye vipaji wakiacha kazi kimya kimya kwa sababu hawakuwa na mtu mzima wa kumwambia.

Ningefanya nini kama angekuwa mwanangu? Kwa alama zake nzuri, ningempa njia mbili achague. Ya kwanza ni shahada ya uandishi wa habari na mawasiliano ya umma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SAUT Mwanza au kwingineko, akijua kwamba darasani atapata misingi na kazi yenyewe ataijulia redioni wakati wa likizo. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kusoma kwanza fani itakayompa kitu cha kuandikia, kwa mchepuo wake inaweza kuwa sheria au masuala ya maendeleo, kisha achukue stashahada ya uzamili ya uandishi wa habari. Anayeweza kusoma mkataba au ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na kuieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka Makorora hatakosa wa kumtaka, na kazi ya habari ikimtupa ana fani nyingine mkononi. Njia hii ni ndefu na ina gharama zaidi, na kama uwezo wa kaka yako ni wa miaka 2 tu basi stashahada katika chuo kinachoeleweka, akianza kazi na kujiendeleza baadaye, si uamuzi wa kujutia. Simu na bando peke yake, hapana.

Kabla hamjalipa chochote, mpe jaribio moja. Mwambie aandike kwa nini bei ya barafu pale Deep Sea inapanda na kushuka. Azungumze na wauza barafu, na manahodha, na akina mama wenzako, na ofisa uvuvi, apate karatasi au takwimu yoyote inayothibitisha wanachosema, na asiweke neno hata moja ambalo hawezi kumwonyesha mjomba limetoka wapi. Asimtumie mama yake kama chanzo. Akirudi siku ya tatu amechoka, amekasirika kwamba ofisa amemzungusha, na bado anataka kwenda tena kesho, kaka yako atakuwa ameona kwa macho yake jambo ambalo mimi siwezi kumwonyesha kwa maandishi. Akirudi na klipu ya dakika moja na muziki, basi kipaji chake ni kingine, na ni vizuri mkakijua kabla ya ada.

Habari hiyo ikikamilika, mpelekeni kwenye klabu ya waandishi wa habari ya mkoa hapa Tanga, aisome mbele ya waandishi wawili watatu wanaofanya kazi sasa hivi, nawe uwe umekaa hapo uwaulize mwenyewe wanalipwaje. Majibu ya ana kwa ana yatakusaidia kuliko yangu, kwa kuwa hali hutofautiana kati ya chombo na chombo. Kuhusu mkopo, nendeni wenyewe ofisi za bodi ya mikopo au kwa ofisa wa mikopo wa chuo, msimtume mtu wa kati. Na mkishachagua chuo, hakikisheni kwanza kimesajiliwa, cha stashahada NACTVET, yaani baraza la elimu ya ufundi, na cha shahada TCU, yaani tume ya vyuo vikuu, muulize kina studio inayofanya kazi au picha tu za studio, na wahitimu wa mwaka jana wako wapi kwa majina. Ada ilipwe benki au kwa simu kwa kumbukumbu namba iliyotolewa na chuo chenyewe, isiingie kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na risiti ibaki kwako.